Divai Isiyo na Bitana

Kosa lote lilianzia kwenye pini.

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na akipiga magoti kupima upindo wa suruali ya mteja huwa anabana pini mdomoni, saba au nane hivi, zinamtoka pembeni kama sharubu za paka. Ukimuuliza kitu wakati huo atakujibu, lakini kwa nusu mdomo. Na atakusikia kwa nusu sikio, kwa sababu jirani yetu wa upande wa kulia anatengeneza mageti, na mashine yake ya kukatia vyuma haina adabu kabisa.

Siku hiyo mteja alikuwa Mpima. Si mpima nguo, mpima ardhi. Mtu mrefu, mpole, anavaa kofia ya jua hata akiwa ndani, na kwenye mfuko wa shati ana daftari dogo anamoandika kila kitu. Ukimwambia leo kuna joto, anaandika. Hiyo ilikuwa suruali yake ya tano ndani ya miezi miwili. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu nyuma ya magora ya vitambaa, nashona vifungo. Ninakaa kwa Shangazi tangu nianze sekondari, na nikitoka shule napenda kukaa pale nyuma kwa sababu hakuna anayenisemesha. Shangazi ameshanibatiza jina. Ananiita Kimya.

"Juzi kazini nimepewa zawadi ya divai," Mpima akasema kule juu, "chupa mbili, na mimi si mjuzi. Eti, wewe unapenda ipi, nyekundu au nyeupe?"

Alipofika kwenye "zawadi", jirani akawasha mashine. Ikapiga kelele weee, ikanyamaza kwenye "nyekundu". Mimi nilikuwa karibu na mdomo wa Mpima kuliko Shangazi aliyekuwa chini miguuni, kwa hiyo nilisikia. Shangazi hakusikia.

Na hapa wa kulaumiwa ni ngeli. Angesema mvinyo, angeuliza mwekundu au mweupe, na Shangazi angeshtuka pale pale, maana hakuna nguo inayoitwa mwekundu. Lakini alisema divai. Sasa divai ni nyekundu, rangi ni nyekundu, suruali ni nyekundu, kila kitu duniani ni nyekundu.

"Nyekundu," Shangazi akajibu kwa pini zake. "Lakini iwe nzito. Iwe imetulia."

"Imetulia!" Mpima akatoa daftari.

"Nyepesi siitaki, ukiiweka kwenye mwanga unaona mpaka upande wa pili. Nyeupe nayo ni ya sherehe. Ukiiacha wazi siku mbili tu, basi, si ile tena."

"Kweli kabisa. Na utajuaje kama ni nzuri?"

"Naiangalia kwenye mwanga. Halafu nainusa."

"Unainusa kwanza!"

"Lazima. Kama ilihifadhiwa vibaya, wewe utadanganywa, lakini mimi pua yangu hii haidanganywi. Za zamani zilikuwa nzuri jamani, hizi za siku hizi ni jina tu. Geuka nipime mguu wa kushoto."

Mpima akageuka, macho yamemtoka. Mimi nimeshika kifungo hewani. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nilishaipanga mpaka sentensi, "Shangazi, anazungumzia divai," maneno matatu tu, hata mtoto anayaweza. Nikameza mate nijiandae. Nikameza tena. Nilipomaliza kumeza, Mpima alishavaa kofia vizuri na alikuwa anasema, "Jumamosi saa kumi kuna kikundi chetu tunakutana, watu wanaopenda vitu vizuri. Twende wote. Utatufungua macho."

Shangazi akatoa pini zote mdomoni. Hilo halifanyi ovyo.

"Mimi?"

"Wewe."

"Basi sawa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama yangu.

Mpima alipoondoka, Shangazi akawa anaimba. Akakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Akajitazama kwenye kioo cha wateja, akavuta mashavu nyuma, akayaachia. Ndipo nikasema.

"Shangazi. Alikuwa anasema divai."

"Nani?"

"Mpima. Alikuuliza unapenda divai nyekundu au nyeupe."

Akanitazama. Akatazama mlangoni. Akatazama ukuta wa jirani kama vile ule ukuta ndio uliomfanyia ubaya.

"Na mimi nimemjibu nini?"

"Umemjibu kuwa unainusa kwanza."

Akakaa juu ya gora la jinzi. "Mimi na divai wapi na wapi? Nilionja mara moja, harusi ya baba yako, nikadhani wameniwekea siki. Sasa mbona hukusema, Kimya? Mdomo unautunzia nini?"

Nikashona kifungo, nikakishona pembeni.

Alitaka kumpigia simu siku hiyo hiyo amwambie ukweli. Alishika simu, akaiweka, akaishika. Kabla hajabonyeza chochote ukaingia ujumbe: "Nimewaambia wenzangu nakuja na bingwa. Wanakungoja kwa hamu." Shangazi akausoma mara tatu. Unajua, Shangazi ana miaka arobaini na tatu, na amewashonea watu nguo za harusi mpaka hazihesabiki. Anawapima, anawavisha, wanakwenda zao. Mimi sijawahi kumuona anajipima mwenyewe. Lakini jioni ile alivuta kamba ya kupimia akajizungushia kiunoni, akavuta pumzi, akaandika namba kwa chaki kwenye meza.

"Tutakwenda," akasema.

"Tutakwenda nani?"

"Mimi na wewe. Ulisikia ukanyamaza, kwa hiyo kesi ni ya wawili."

"Sasa utasema nini huko?"

"Nitasema 'mm' na 'eeh'. Watu wakubwa wote wanaishi kwa 'mm' na 'eeh'. Umeshaona mkubwa gani anaeleza?"

Duka la divai wanapokutana lipo kwenye kona, baada ya duka la dawa. Nimelipita kila siku nikienda shule na sijawahi kuingia. Ndani kuna ubaridi, chupa zimelazwa kwenye rafu kama watoto bwenini, na katikati walikuwa wameweka meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Shangazi aligusa kile kitambaa kabla hajamsalimia mtu. "Mchanganyiko," akaninong'oneza. "Pamba nusu." Nikajua ana hofu.

Mwenye duka wote wanamwita Kizibo. Ni mfupi, mnene, amejaa vizuri kwenye aproni yake, na hata akisimama hatulii, anadundadunda. Alikuja kutupokea na mikono yote miwili.

"Bingwa mwenyewe! Karibu dada, karibu sana. Na huyu?"

"Mtoto wa kaka yangu," Shangazi akasema.

"Mwanafunzi. Basi huyu haonji, sheria ni sheria, atapata juisi ya zabibu. Lakini pua haina umri. Mama, wewe utanusa. Sawa?"

Nilitikisa kichwa kwamba sawa, huku natazama viatu vyake.

Tulikuwa watu saba mezani. Wa kukumbuka ni wawili. Kulikuwa na Mfamasia, yule mama wa duka la dawa, ambaye hakusema sana. Na kulikuwa na Mwalimu Mstaafu, na hapo roho ikanitoka, maana alikuwa mwalimu mkuu wetu shule ya msingi. Alikuja na kalamu nyekundu. Nadhani alistaafu shule, kalamu ikagoma kustaafu.

"Wewe nakukumbuka," akaniambia. "Wewe ndiye uliyekuwa unajua jibu na hunyooshi mkono."

Nikanywa juisi yote kwa mkupuo mmoja.

Mpima akamvutia Shangazi kiti. Alikuwa amevua kofia, kumbe ana kichwa kizuri tu, akaweka daftari mbele yake na kalamu juu. Kila mtu alikuwa na glasi, kikaratasi na vipande vya mkate. Katikati ya meza kulikuwa na ndoo ndogo ya chuma inayong'aa.

"Hiyo ndoo ya nini?" Shangazi akaninong'oneza.

Jibu tulilipata muda si mrefu. Kizibo alimimina divai nyeupe, kidogo tu, kama dawa ya kikohozi. Mfamasia akaizungusha, akanusa, akavuta mdomoni, akasukutua, halafu akaitema kwenye ndoo kutoka umbali wa mkono mzima. Twii. Hakudondosha hata tone.

Shangazi aligeuka kijivu. "Wanatema?"

"Ndio utaratibu wao, Shangazi."

"Mtu kanimiminia kitu chake kwa mkono wake, nikiteme mbele ya macho yake? Mimi? Siwezi. Mama yangu atafufuka."

Akameza. Uso ukajikunja kidogo, akaukunjua haraka.

Kizibo alikuwa anadundadunda. "Sasa hii ni kavu. Mnaisikia? Kavu kabisa."

"Kavu vipi wakati imelowa?" Shangazi akaniuliza kwa pembe ya mdomo.

"Mwili wake ni mwembamba," Kizibo akaendelea, "lakini angalieni miguu! Zungusha glasi, uone inavyoshuka. Wengine wanaita machozi. Na ukitaka ikufungukie, usiiharakishe. Iache ipumue."

"Huyu anauza divai," Shangazi akanong'ona, "au anatafuta mchumba?"

Nilicheka kwa pua, na juisi ya zabibu ikipita puani inauma, msijaribu.

"Sabini na mbili," Mwalimu Mstaafu akasema, akaandika kwa nyekundu na kuizungushia duara. "Imejitahidi. Bingwa anasemaje?"

Meza nzima ikamgeukia Shangazi.

"Mm," Shangazi akasema.

Mpima akaandika.

Ikaja ya pili, nyeupe tena. Shangazi akameza, akatazama dari, akasema "eeh". Mpima akaandika hiyo pia, na nilimuona anapiga mstari chini yake. Mwalimu Mstaafu alimtazama Shangazi kwa heshima mpya. Kumbe kweli, watu wanaishi kwa 'mm' na 'eeh'. Nikaanza kupumua kama ile divai.

Ya tatu ikawa nyekundu. Na hapo Kizibo, badala ya kuzunguka meza, akaja moja kwa moja kwa Shangazi, akaegemea kiti chake.

"Dada, hii 'mm' nimeielewa, 'eeh' nimeielewa. Lakini hii nyekundu ni ya kwako. Mpima katuambia habari zako. Tupe maneno."

Shangazi akainua glasi kwenye mwanga. Nilimuona kabisa, alikuwa anaitazama kama anavyotazama kitambaa anapoletewa na muuzaji asiyemwamini. Akanusa. Akaonja, akameza. Akaizungusha tena glasi, na Mpima akasogeza daftari karibu.

"Imekatwa vizuri," akasema. "Lakini haina bitana."

Mpima akainua kalamu.

"Haina nini?" Kizibo akauliza taratibu.

"Bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti. Yaani mwanzo unaona imekaa vizuri, mabega yamekaa, kola imekaa. Ukiingia ndani sasa, hakuna kitu. Imeisha."

Kizibo akapiga meza mpaka ndoo ikalia. "Haina bitana! Jamani! Miaka mitatu natafuta namna ya kuielezea hii divai. Haina bitana!"

Mfamasia akacheka. Mwalimu Mstaafu akafuta sitini na nane akaandika sitini. Mpima alikuwa anaandika mbio kama mtu anayeandikiwa na daktari, na masikio yake yalikuwa mekundu kwa raha. Shangazi akanipa jicho la pembeni lenye kicheko ndani. Ya nne akaitolea maelezo bila kuombwa: eti ni nzuri lakini imekazwa mno kwenye kwapa. Watu wakaonja tena, wakakubali kwamba ndiyo, kwenye kwapa kuna tatizo.

Lakini Shangazi alikuwa hajatema hata moja. Mashavu yalianza kung'aa. Alikuwa ameshaegemea kiti, na mkono wake ulikuwa karibu na mkono wa Mpima, kati yao panatosha kupita uzi tu.

Halafu Kizibo akaingia chumba cha nyuma, akarudi amebeba chupa kwa mikono miwili kama amebeba kichanga.

"Hii," akasema, na kwa mara ya kwanza hakudunda, "nimeikalisha miaka kumi na minne. Sijawahi kuifungulia mtu. Lakini leo tuna bingwa."

Akakata karatasi ya shingoni, akazungusha, akavuta. Kizibo cha chupa kikatoka polepole, kikasema pu. Akakiweka kwenye kisahani. Akammiminia kila mtu, na mimi akaniwekea glasi yenye tone moja chini. "Ya kunusa, mama."

Mwalimu Mstaafu ndiye aliyeanza. Akafumba macho. "Msitu," akasema. "Msitu baada ya mvua."

"Maktaba," akasema jamaa mmoja wa mwisho wa meza. "Vitabu vya zamani."

"Ukale! Huo ndio ukale wenyewe. Tisini na sita," Mwalimu akaandika, akapiga maduara mawili. "Sijawahi kutoa tisini na sita. Hata shuleni."

Mfamasia alikuwa amekunja uso, ananusa tena. Nikainua glasi yangu na mimi nikaweka pua.

Nilikuwa naijua ile harufu.

Mwaka jana bomba lilipasuka dukani kwa Shangazi wakati tumefunga siku nne. Maji yakaingia chini ya rafu, na gora lililokuwa chini kabisa, la rangi ya kahawia, likanywa yote. Tulipolifungua lilikuwa na madoa ya ukungu katikati, na lilitoa harufu kama kabati la marehemu. Nililianika siku tatu, nikaligeuza, nikalipiga pasi, nikalinyunyizia kila kitu. Haikutoka. Mpaka leo Shangazi akipelekewa kitambaa chenye mashaka anasema neno moja tu, "gora la chini", na yule muuzaji anaondoka nacho.

Kwenye glasi yangu mlikuwa na gora la chini.

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa bado hajanusa, alikuwa anamtazama Mpima. Na Mpima alikuwa amesimama, amesimama kabisa, anasema, "Ngojeni sasa. Msikilizeni bingwa. Huyu pua yake haidanganywi, aliniambia mwenyewe."

Shangazi akatabasamu, akainua glasi, na nikauona ule mdomo unavyojikusanya. Alikuwa anakwenda kusema "mm". Angekubaliana na tisini na sita, halafu kesho au keshokutwa mtu angegundua, na Mpima angebaki na daftari limejaa uongo. Nikameza mate. Nikakumbuka mara ya mwisho nilivyomeza mate kilitokea nini.

"Gora la chini," nikasema.

Nilikusudia kunong'ona. Lakini mimi sijazoea kupima sauti yangu, sina mazoezi, ikatoka kubwa kama tangazo. Watu wote sita walinitazama, na Kizibo wa saba.

Shangazi akaweka pua kwenye glasi. Akavuta mara moja. Tabasamu likamtoka, uso ukawa ule wa kazini.

"Gora gani?" Mwalimu Mstaafu akauliza. "Huyu mtoto anasema nini? Simama useme."

"Asisimame," Shangazi akasema. Akasimama yeye. Akaweka glasi mezani, mbali naye kidogo. "Kaka, nisamehe. Umeitunza miaka kumi na minne na mimi nimekuja leo leo. Lakini hii imevunda. Ina ukungu."

Mwalimu akavuta karatasi yake karibu. "Ni msitu."

"Si msitu, Mwalimu. Ni unyevu. Naijua kwa sababu niliwahi kupoteza gora zima kwa harufu hii hii. Gora la kitambaa." Hapo akamgeukia Mpima, na mikono yake ikaanza kutafuta kamba ya kupimia shingoni ambayo siku hiyo hakuivaa. "Mimi ni fundi cherehani, wote nawaambia. Sijui divai. Siku ile uliponiuliza nyekundu au nyeupe, mashine ya jirani ilikuwa inalia, mimi nilidhani unauliza rangi ya nguo. Nilikuwa nakueleza suruali."

Kimya. Sijawahi kusikia kimya cha watu wengine kikiwa kikubwa hivyo.

"Nyekundu nzito," Mpima akasema polepole.

"Suruali."

"Unaiangalia kwenye mwanga?"

"Nguo."

"Na nyeupe ukiiacha wazi siku mbili..."

"Inashika vumbi," Shangazi akasema.

Kizibo hakuwa anasikiliza hata kimoja. Alikuwa amechukua glasi yake, ananusa. Akanusa tena. Akachukua kile kizibo kwenye kisahani, akakiweka puani, na mwili wote ukamshuka.

"Kweli," akasema. "Ah, kweli. Kumbe ni kizibo. Kizibo ndicho kilichoiharibu."

Watu wakamtazama yeye.

"Si mimi! Kizibo cha chupa! Hutokea, kinashika ukungu, kinaambukiza divai yote. Mimi mwenyewe nilivyokuwa na hamu nayo hata sikunusa vizuri."

"Mimi nilihisi," Mfamasia akasema, "nikasema labda ni mafua yangu." Akaimwaga glasi yake yote kwenye ndoo, kutoka mbali vile vile.

Mwalimu Mstaafu alikuwa anakwaruza karatasi kwa ncha ya kalamu. "Ile tisini na sita ilikuwa ya muda," akasema. "Nilikuwa sijaisahihisha." Halafu akanitazama mimi juu ya miwani. "Wewe. Leo umenyoosha mkono."

Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa kizuri, hata Kizibo alicheka huku anapangusa jicho kwa aproni. Akamwambia Shangazi arudi kila mwezi, awe anamnusia vizibo. Lakini Mpima hakucheka. Alikuwa amekaa, anatazama daftari lake, anarudisha kurasa nyuma moja moja.

Alitusindikiza mpaka kwetu. Hakusema kitu njia nzima isipokuwa "angalia shimo hapo". Mlangoni akavaa kofia, akasema asante, akaondoka.

Jumapili hakuna ujumbe. Jumatatu hakuna. Shangazi alishona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja, na ilibidi nimwambie. Jumanne aliniuliza, bila kunitazama, "Hivi nisingesema, si ingepita tu?"

"Ingepita," nikasema.

"Eeh." Akakanyaga cherehani. "Lakini ilikuwa inanuka, Kimya."

"Ilikuwa inanuka sana, Shangazi."

Jumatano nimetoka shule nimekaa kwenye kigoda changu, mlango ukawa giza, nikajua ni mtu mrefu. Mpima alikuwa amevaa suruali ya kijivu, ile tuliyomshonea upindo mwezi uliopita, na upindo wa mguu wa kulia ulikuwa unaning'inia.

"Umefumuka," akasema.

Shangazi akabana pini mdomoni, akapiga magoti. Akashika upindo, akaugeuza. Nikaona anaganda. Nikachungulia juu ya magora. Uzi wetu hautoki hivyo. Ukifumuka wenyewe unaacha nyuzi ndefu ndefu, lakini pale kila uzi ulikuwa umekatwa sawasawa, mmoja baada ya mwingine, kwa wembe, na mtu mwenye mkono wa kupima viwanja.

Mpima akakohoa, akafungua mdomo. Jirani akawasha mashine.

Weeeeee.

Mpima akafunga mdomo. Akangoja. Alisimama pale na mguu mmoja mbele, ameshika kofia kifuani, na mashine inalia, na yeye anangoja tu mpaka ikanyamaza. Akangoja tena kidogo, kama haiamini.

"Jumamosi," akasema kwa sauti ya kutosha viziwi. "Chakula. Chakula cha kula kwa mdomo. Mezani. Wewe na mimi."

"Ngeli ya KI-VI," nikasema mimi kutoka nyuma. "Hakichanganyiki na suruali."

Mpima akacheka mpaka suruali ikamponyoka Shangazi mkononi. Shangazi akainua kiganja, akaanza kutoa pini mdomoni, moja moja, anaziweka kwenye kiganja, na hakuwa na haraka.

"Nivae ipi?" akauliza. "Nyekundu au nyeupe?"

Mpima akatoa daftari. Akalamba kidole, akarudisha kurasa nyuma, akapata aliyoitaka, akasoma kama hakimu: "'Nyekundu. Lakini iwe nzito. Iwe imetulia.' Na hapa chini umesema, nyeupe ni ya sherehe."

"Basi nyeupe tuiache kwanza," Shangazi akasema.

Akarudisha pini mdomoni aendelee na upindo, lakini zilikuwa zinadondoka, kila akiweka zinadondoka, na mimi nikatoka kwenye kigoda changu nikaenda kumuokotea.